Kapiteni Asiyengoja Chai Ipoe

Kapiteni wetu alikuwa na ulimi uliobabuka miaka yote niliyomjua. Chai ikiletwa aliinywa palepale, ikiwa bado inafuka moshi, kisha akakunja uso na kumlaumu aliyeichemsha. Ukimwambia, "Ngoja ipoe kidogo, Kapiteni," alikujibu, "Ipoe mpaka lini? Mimi nina kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kunyoa. Alikuwa na kibanda cha mlango mmoja pale Biryogo, upande wa Nyamirambo mjini Kigali, chenye viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, na mashine ya mkono iliyolia kama panzi. Alinyoa haraka kuliko kinyozi yeyote niliyewahi kukaa mbele yake. Ukianza kumsimulia habari za nyumbani kwako, hujafika kwenye jambo lenyewe unapigwa kofi jepesi la shingo: umemaliza, simama, kuna mtu nyuma yako. Mara nyingine nyuma yako hapakuwa na mtu.

Siku moja dereva wa lori kutoka Mwanza alibishana naye kama goli lililofungwa na timu yetu Jumapili lilikuwa la kuotea. Kapiteni alikuwa amemaliza upande wa kulia wa kichwa. Mabishano yakapanda, adhana ya adhuhuri ikaanza, naye akaweka mashine mezani, akasema, "Nikirudi utakuwa umefikiri," akaenda kuswali. Baada ya swala akapitia kwa mshona viatu, wakaanza habari za mpira, akasahau. Dereva akakaa na nusu ya nywele mpaka saa tisa, watoto wakija mlangoni kwa zamu kumtazama. Toka siku hiyo kila lori lake lilipofika Kigali alikuja kunyolewa kwa Kapiteni, ila hakukubali tena kubishana kabla upande wa pili haujaguswa.

Sijui alizaliwa kilima gani, wala sikumuuliza. Nilipohamia Nyamirambo nilimkuta amekwisha kuwa kapiteni, na kwangu habari zake zinaanzia hapo. Jina alikuwa nalo, lakini hata mkewe akimtuma mtoto kumwita alisema, "Kaniitie Kapiteni." Miaka ninayoisimulia ni kuanzia tisini na moja mpaka mwanzo wa tisini na nne. Yaliyofuata kila mtu anayajua. Kapiteni aliyapita, akaishi mpaka akazeeka. Mimi niliyapita, na kijana nitakayemtaja hapa aliyapita pia. Wengi wa kikosi chetu hawakuyapita. Hao nawakumbuka kila siku, lakini leo namsimulia mtu mmoja na siku zake njema.

Timu ilikuwa ya mtaa. Kulikuwa na washona nguo, wauza duka, utingo wawili na karani mmoja wa posta. Mwenyekiti alikuwa mwenye duka la vitambaa, ambaye pia alikuwa bosi wangu, na yeye ndiye aliyenunua jezi. Kocha hatukuwa naye. Kapiteni ndiye aliyetufundisha, ndiye aliyepanga kikosi, na ndiye aliyecheza beki wa mwisho, yule anayebaki nyuma ya mabeki wote, mbele ya kipa tu. Kipa nilikuwa mimi.

Uwanja wetu ulikuwa wa udongo mwekundu na uliinama, kama kila kitu kinavyoinama Kigali. Goli moja lilikuwa juu, jingine chini. Nyavu hatukuwa nazo. Mpira ukiingia goli la chini uliendelea na safari mpaka bondeni, kwenye mashamba ya viazi vitamu, na desturi yetu ilikuwa kwamba aliyefungwa ndiye anayeufuata. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini sikuwa na subira na mabeki wanaojifunza, namwambia: nenda kashuke bonde lile mara nne kwa siku moja, halafu njoo uniulize tena.

Subira yenyewe Kapiteni hakuwa nayo, na hili lilijulikana mtaa mzima. Kwenye igisoro, bao letu, alishindwa na watoto kwa sababu alisogeza kete kabla mwenzake hajaondoa mkono. Akipanga foleni ya mafuta ya taa alikuwa wa kwanza kusema foleni haiendi na wa kwanza kuondoka, kisha mkewe akaenda kupanga upya. Uwanjani alitukemea sote. Mimi alinikemea hata nilipoudaka mpira, eti nimeudaka nikiwa nimesimama vibaya. Alimwambia mwamuzi mambo ambayo baadaye, akipoa, alimfuata nyumbani kuyaombea radhi. Tulizoea. Kelele zake zilikuwa sehemu ya hali ya hewa.

Ndiyo maana alipokuja Faustin tulishangaa.

Faustin alikuwa na miaka kumi na tisa. Kwao ni Masaka, ambako mama yake alilima, lakini wiki nzima alilala kwa shangazi yake hapa Nyamirambo, akifanya kazi kwa seremala. Alikuwa mrefu, mpole, Mkatoliki asiyekosa misa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani. Aliingia timu kama beki wa kushoto, na kushoto alikuwa mzuri kabisa. Winga aliyepita kwake aliweza kujisifu wiki nzima.

Siku moja baada ya mazoezi Kapiteni akanituma nimwite. Nilikuwepo, kwa hiyo niliyasikia.

"Muhungu wangu," akamwambia, yaani kijana wangu, "kuanzia kesho unakuja katikati, pembeni yangu."

"Katikati, Kapiteni? Mimi iko wa kushoto."

"Najua uliko. Nakwambia unakokwenda."

Faustin alinitazama mimi, kana kwamba nina la kumsaidia. Nilidhani Kapiteni anatania. Nilipomuuliza tukiwa wawili alishika goti lake la kulia. Lilikuwa limevimba.

"Hili lina mwaka mmoja uliobaki," akasema. "Labda miwili, Mungu akipenda. Yule kijana anaona mpira vizuri. Nataka nimwachie mahali pangu taratibu, mwakani, mpira wangu ukiisha. Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu.

Anayetazama kutoka pembeni hudhani beki ni beki. Lakini beki wa kushoto ana mstari wa uwanja upande mmoja, na mstari ule ni kama ukuta wa nyumba yake: hakuna adui atakayetokea huko. Katikati hakuna ukuta. Watu wanatoka kulia, kushoto, mbele, na wabaya zaidi wanatoka nyuma ya bega lako, pale usipotazama. Faustin akiwekwa katikati alikuwa akielea polepole kurudi kushoto, kama mbuzi anayejua zizi lake. Dakika kumi haziishi, nageuka namwona yuko kulekule kwa zamani, na mbele yangu pana pengo la kupitisha harusi.

"Kapiteni, hapa katikati mimi inapotea," alisema siku ya kwanza, jasho likimtoka. "Kule kushoto laini iko inanisaidia."

"Yego. Hapa nitakusaidia mimi," Kapiteni akamjibu. "Ongera."

Yego kwa Kinyarwanda ni ndiyo, na ongera ni kusema rudia. Kwa miezi hiyo ndilo neno tulilolisikia zaidi kutoka kwake, na kila mara alilisema kwa sauti ileile, bila kuongeza wala kupunguza. Faustin alibaki nyuma wakati mabeki wote wamepanda, akawaacha maadui watatu wakiwa halali, bila kuotea, mbele yangu. Ongera. Alikwenda kuruka kichwa na beki mwenzake. Ongera. Mara moja alifunga goli safi kabisa, ila lilikuwa letu. Nikashuka bondeni nikitukana kwa lugha tatu. Nilipopanda na mpira mkononi nilimkuta Kapiteni amemshika kijana bega, anamwonyesha kwa kidole mguu ulipopaswa kuwa.

Siku hiyo sikuweza kujizuia. "Mimi nikikosea kidogo unaniwikia kama jogoo," nikamwambia. "Huyu anatufunga mwenyewe, unamshika bega."

"Wewe unajua unachokosea," akasema. "Yeye bado hajui. Mtu asiyejua hapigiwi kelele. Ukimpigia kelele atajifunza kelele."

Alikuwa na misemo ya namna hiyo, na mingi aliitunga akiwa na mashine mkononi. Alisema beki mzuri hachafuki, kwa sababu amefika mapema. Alisema mtu akikukimbilia na mpira, usimtazame usoni, uso una uongo, tazama kitovu, kitovu hakijawahi kumdanganya mtu. Na alisema shingo ndiyo kiungo cha kwanza cha beki wa katikati, kuliko miguu.

Hiyo ya shingo aliifanyia kazi. Kila asubuhi Faustin alipokwenda kwa seremala, Kapiteni aliacha kibanda kikiwa kimefungwa, akatembea naye barabara nzima, yeye nyuma, kijana mbele. Ghafla anauliza, "Nyuma yako kulia kuna nani?"

Faustin alitakiwa kujibu bila kugeuka, kwa kile alichokwisha kukiona. Mwanzoni alijibu, "Sijui, Kapiteni," na Kapiteni akasema, "Ongera," wakaendelea. Baada ya wiki kadhaa nilipishana nao nikielekea dukani, nikasikia: "Kulia iko mama wa kitenge cha njano, ana ndizi. Kushoto vijana wawili na baiskeli moja. Nyuma kabisa iko padri." Kapiteni akageuka kuhakikisha. Padri alikuwepo kweli, na kwa kuwa alisikia akitajwa, alituamkia sote watatu.

Wateja waliokuja asubuhi walikuta mlango umefungwa, wakaenda kwa vinyozi wengine. Mkewe alilalamika. Mtu aliyeshindwa kungoja chai ipoe alitembea mwendo wa kijana mwenye usingizi, kila siku, akiuliza swali moja. Nilimtazama nikashindwa kuunganisha watu hao wawili.

Sisemi kwamba miaka ile ilikuwa ya mchezo tu. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, mazoezi tuliyamaliza mapema kwa sababu ya amri za kutotembea usiku, na vyama vya siasa viliporuhusiwa kuwa vingi kila mtu alianza kuvaa kofia ya chama chake. Siku moja wachezaji wetu wawili walifika na kofia za rangi tofauti na hawakutaka kupasiana mpira. Kapiteni alisimamisha mazoezi, akazivua kofia zote mbili, akazitia kwenye mfuko wake wa taulo za kunyolea. "Vichwa vyenu navijua," akasema. "Nimevishika vyote. Kofia sitaki kuzijua." Waliporudishiwa jioni zilikuwa zimejaa nywele za watu. Hawakuzileta tena uwanjani.

Mambo yakafika mahali pabaya siku tuliyokwenda kucheza na timu ya mtaa wa Remera. Tulifungwa manne kwa moja, na kwa macho yangu matatu kati ya hayo yalikuwa ya Faustin. Kapiteni alikuwa ameinua mkono, mabeki wote wakapanda pamoja kuwaacha washambuliaji wameotea, na Faustin akabaki amesimama nyuma kama mtu anayengoja basi. Mara tatu.

Kesho yake saa sita mchana Mwenyekiti aliita kikao cha haraka dukani. Tulikaa juu ya majora ya vitambaa. Mwenyekiti alikuwa mtu mzuri, lakini hakupenda kufungwa Remera, kwa sababu shemeji yake aliishi huko.

"Kijana arudi kushoto, au akae nje," akasema. "Kipa, wewe uko nyuma yao. Umeona nini?"

Nikasema nilichokuwa nacho moyoni muda mrefu. Nikasema kijana hafai katikati, ananimaliza miguu, na kwamba Kapiteni amekuwa kama amerogwa. Nilisema mengi kuliko nilivyokusudia. Faustin hakuwepo, alikuwa kazini, lakini Kapiteni alikuwepo, amekaa karibu na mlango.

Akasimama. "Magoli yale ni yangu," akasema. "Nilimwambia abaki. Kijana amenitii. Mkitaka kumtoa mtu, nitoeni mimi, na jezi nitaifua kwanza."

Mwenyekiti akanitazama. Watu wote wakanitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nyuma yao. Nami nilijua ni uongo. Niliuona mkono wake ukienda juu, mara zote tatu, na nilimsikia akiita jina la kijana. Mtu huyu hakukosa swala, na hata kwenye igisoro hakuwahi kuiba kete moja. Alikuwa anadanganya mbele ya kamati nzima kwa sauti thabiti.

"Labda," nikasema. "Kutoka nilipokuwa sikusikia vizuri."

Kikao kikaisha hivyo, Faustin akabakia katikati. Nje nilimfuata Kapiteni. "Umedanganya," nikamwambia.

"Nimedanganya. Na wewe umenisaidia, kwa hiyo nyamaza." Alitembea hatua kadhaa, halafu akasimama. "Anakaribia. Huoni? Jana mara ya tatu alianza kupanda, ila alichelewa kidogo. Mara ya kwanza hakusogea kabisa. Mtoto akijifunza kutembea akaanguka, unampokonya sakafu?"

Mimi sikuwa nimeona. Nilikuwa nahesabu magoli, yeye alikuwa anahesabu hatua.

Basi ikaja mechi ya marudiano, hao hao wa Remera, safari hii kwetu. Kipindi cha kwanza tulipata moja. Kipindi cha pili nilikuwa goli la chini, na dakika chache baada ya kuanza goti la Kapiteni likakataa. Hakuguswa na mtu. Aligeuka tu, akakaa chini taratibu kama anayekaa kwenye mkeka, na nikaona kwa uso wake kwamba hainuki. Tulimbeba mpaka pembeni. Alipowekwa chini alimshika Faustin mkono.

"Wewe ndiye wa mwisho sasa," akamwambia. "Mbele yako iko wote. Nyuma yako iko kipa tu, na kipa ana kelele nyingi, usimsikilize."

Nilitegemea apige kelele kutoka pembeni mpaka sauti imkauke. Hakusema neno. Alikaa na goti lake limefungwa taulo, mkono mdomoni.

Nakumbuka shambulio moja zaidi ya mengine. Kiungo wao aliinua kichwa apige mpira mrefu, na mshambuliaji wao, mtu mfupi mwenye mbio za ajabu, alikuwa amejificha nyuma ya bega la kushoto la Faustin, hasa pale asipoonekana. Nikafungua mdomo nimwite. Kabla sauti haijatoka, shingo ya Faustin iligeuka, ikarudi. Akapiga hatua tatu mbele, mkono juu, na mabeki wengine wote, watu wazima wenye watoto, wakamfuata. Mpira ulipopigwa yule mfupi alikuwa peke yake na mimi, na kibendera cha mshika kibendera kilikuwa tayari hewani.

Haikuwa mechi nzima ya namna hiyo. Karibu na mwisho alijikwaa, mtu akapita, nikaokoa kwa goti, na kwa mara ya kwanza sikumlalamikia. Tulishinda moja bila. Mwenyekiti alicheza ngoma katikati ya uwanja akiwa na viatu vya dukani.

Sasa nifike mahali ambapo Kapiteni mwenyewe hakupenda pasimuliwe, ingawa alikuwa akicheka akisikia.

Goti lilipona nusu. Baada ya mwezi alirudi mazoezini akichechemea, na Jumamosi, kama kawaida yake, akasoma kikosi cha kesho. Alisoma kipa, kulia, kushoto, kisha akasoma: "Beki wa mwisho, Faustin." Akaendelea mpaka kumi na moja. Jina lake halikuwemo. Alikunja karatasi, akatutazama.

Sote tukapiga makofi. Tulidhani ndivyo alivyotaka. Tulimpongeza Faustin, tukamwinua, karani wa posta akammwagia maji. Kapiteni akachukua mfuko wake wa taulo akaondoka.

Jumapili hakuja. Jumatatu kibanda kilikuwa kimefungwa, na Jumanne pia. Mkewe alisema ni malaria. Faustin alikwenda mara mbili, akaambiwa amelala. Siku ya tano nilikwenda mimi saa za mchana, nikapita nyuma ya nyumba bila kubisha, nikamkuta amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anamenya ndizi kwa ajili ya chakula cha mchana. Malaria hiyo haikuwa na homa.

Nikakaa, nikachukua kisu kingine. Tukamenya pamoja.

"Mlipiga makofi," akasema mwishowe.

"Uliandika mwenyewe ile karatasi."

"Niliandika mwenyewe." Akatupa ndizi kwenye sufuria. "Nilidhani angalau mtu mmoja atasema, 'Lakini Kapiteni, na wewe je?' Mtu mmoja tu. Ningemkatalia. Ningesema hapana, kijana yuko tayari, mimi nimechoka. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Mkapiga makofi."

Nikasema ukweli. "Hatukufikiri. Tulimwona yeye tu."

"Ndiyo. Kazi nzuri niliifanya." Alijaribu kucheka, akashindwa, akajaribu tena. "Nilimfundisha anichukulie nafasi mwakani. Amejifunza mwaka huu. Nani alimwambia aharakishe?"

Hapo nilicheka mimi, naye akaponyoka akacheka, tukacheka mpaka mkewe akatoka ndani kuuliza kama mgonjwa amepona. Nilimwomba radhi kwa yale makofi. Nikamwomba pia radhi kwa yale niliyosema juu ya majora ya vitambaa. La pili alisema alikwisha kulisahau, na nilimwamini, maana hakuwa mtu wa kungoja na kinyongo. Siku ya nane alifungua kibanda. Faustin alikuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti, na alinyolewa kwa muda mfupi kuliko kawaida, kisha akapigwa kofi la shingo na kuambiwa, "Ulipanda mapema mno Jumapili. Nimeambiwa. Ongera."

Tangu hapo alitufundisha kutoka pembeni, akitukemea sote sawasawa, Faustin akiwemo. Kijana alipokemewa mara ya kwanza alinijia anatabasamu. "Sasa naye ananipigia kelele," akaniambia. Alielewa maana yake.

Mwishoni nataka kumweka alivyokuwa mwezi wa kwanza wa tisini na nne, wiki moja kabla sijaondoka kwenda Mwanza kufanya kazi kwa ndugu wa Mwenyekiti. Faustin alikuwa anaposa. Binti alikuwa wa Rebero, na familia yake ilitaka sherehe kamili ya gusaba, pande mbili zikikaa uso kwa uso, kila upande na msemaji wake. Baba yake Faustin alikuwa amefariki, na ami zake walitegemea mmoja wao asimame. Mama yake akakataa. Alisema aliyekaa na mwanawe ndiye atakayemsemea, na akashuka kutoka Masaka na kitambaa kichwani kwenda kibandani kwa Kapiteni kumwambia hivyo. Kapiteni alisema yeye ni Mwislamu, na hajui methali za kutosha. Mama akamwambia methali atazikuta hukohuko.

Anayejua gusaba anajua kwamba msemaji wa upande wa binti kazi yake ni kuchelewesha. Tulipofika Rebero tulikuta ni katekista mstaafu, mzee mkavu mwenye fimbo, aliyeonekana kuifurahia kazi hiyo. Kwanza hakutujua sisi ni nani. Halafu alisikia tumepotea njia. Halafu nyumba hiyo haikuwa na binti. Halafu binti alikuwepo lakini amekwenda masomoni ng'ambo. Majibu yetu yalitolewa kidogo kidogo, pombe ya mtama ikazunguka, na Kapiteni, amevaa kanzu nyeupe na koti, akashika chupa yake ya fanta bila kuinywa. Saa moja ikapita, na nyingine. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake nikilitazama goti lake, nikingoja lianze kutikisika. Halikutikisika. Kila swali alilijibu kwa adabu, polepole, na akarudi kukaa.

Kisha yule mzee akaegemea fimbo yake. Naiweka kwa Kiswahili, ingawa ilisemwa kwa Kinyarwanda kizuri kuliko hiki.

"Tumeulizia habari za huyu kijana wenu," akasema. "Tumeambiwa anacheza mpira. Hilo si kosa kubwa. Lakini tumeambiwa pia kwamba alikuwa upande wa kushoto, akapaacha, akahamia katikati. Sasa mtu anayehama mahali pake, sisi tumpe binti? Kesho atahama kwake pia."

Watu wa upande wao wakacheka. Nyuma yetu Faustin, ambaye kwa desturi hakuruhusiwa kusema, aliinamisha kichwa. Kapiteni alisimama. Ilimchukua muda, kwa sababu ya goti.

"Mzee wangu," akasema, "kijana hakuhama. Aliitwa, akaja. Aliyehama ni mimi. Mahali alipo palikuwa pangu miaka kumi na mbili, nikampisha."

Kicheko kikatulia. Katekista akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kuuliza jambo alilotaka kulijua.

"Na ilikuuma?"

"Iliniuma," akasema Kapiteni. "Lakini sikukosea kuchagua mtu."

Mzee aliitikia kwa kichwa muda mrefu. Nilidhani sasa binti ataletwa. "Tumesikia," akasema, akavuta kiti chake mbele. "Basi turudi kwenye habari ya ng'ombe wa mahari, tuanze mwanzo, maana hatukuelewana vizuri." Kapiteni akasema hakuna shida, tuanze mwanzo. Akakaa, akaweka mikono juu ya magoti, akamsikiliza saa nzima na nusu.